Je, ni dini iliyomficha mkuu wa shule? Jibu kwa msomaji wa Melbourne

Dada yetu mmoja, mwenyeji wa Kivu ambaye sasa anaishi Melbourne na kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani, ameniuliza hivi: "Kazi yangu hunipeleka kila siku Elsternwick na Ripponlea, mitaa ya Wayahudi wanaoshika dini sana. Ni watu wapole na wananiheshimu. Nimesikia habari za aliyekuwa mkuu wa shule yao, Malka Leifer, aliyetuhumiwa kuwadhalilisha wanafunzi wake wasichana kingono, akaondoshwa nchini usiku na kurudishwa baada ya miaka mingi. Je, ni dini yao iliyowaamuru wafiche? Na kwa kuwa wana mahakama yao ya marabi, kwa nini hawakulimaliza jambo wenyewe kwa haki? Mimi nami nikisikia neno kama hilo nikiwa kazini, nifanye nini?"

Dada yangu, swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka: dini haikuwaamuru. Maneno ya dini yalitumika, tena yalitumika vibaya, lakini uamuzi wa usiku ule ulikuwa wa bodi ya shule, na sababu zake ungezikuta katika bodi yoyote yenye jina la kulinda. Nalitanguliza hili kwa sababu habari za namna hii hudakwa upesi na watu wenye chuki na Wayahudi, wakazifanya silaha. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza udhalilishaji wa watoto katika taasisi, kuanzia 2013 hadi 2017, iliukuta uovu huu katika makanisa, shule za serikali, nyumba za watoto na vilabu vya michezo, na taasisi za Kiyahudi zilikuwa sehemu ndogo sana ya yale iliyoyasikia. Hata hivyo, kila jamii ina namna yake ya kunyamaza, na namna hiyo lazima ieleweke kabla haijavunjwa.

Leifer aliletwa kutoka Israeli mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusimamia masomo ya dini ya wasichana katika shule ya Adass Israel, kisha akawa mkuu. Jamii ya Adass ni ya Waharedi, yaani Wayahudi wa Kiorthodoksi wanaoishi kwa kujitenga kwa makusudi na mambo ya dunia. Mahakama ilielezwa kwamba wasichana hao walilelewa bila televisheni wala intaneti, na kwamba mambo ya mwili hawakufundishwa hadi walipokaribia kuolewa. Katika mazingira hayo mkuu wa shule alikuwa zaidi ya mwalimu. Alikuwa mlezi wa roho, mtu ambaye wazazi humwamini kuliko wanavyojiamini wenyewe, na msichana aliyeitwa naye kwa masomo ya peke yake alihesabiwa kuwa amepata heshima. Alichofanya Leifer alikifanya katika chumba cha shule, nyumbani kwake na katika kambi za wanafunzi. Nakuomba utazame kwa karibu hali ya binti wa miaka 15 au 16 ambaye ametendewa jambo asilolijua jina, na aliyemtendea ndiye anayemfundisha jema na baya. Atalalamikia nini, na kwa nani? Dassi Erlich, mmoja wa wasichana hao, alilisema jambo hilo alipokuwa tayari mke wa mtu, akiishi Israeli, mbele ya mtaalamu wa ushauri nasaha aliyemsikiliza. Habari zikafika Melbourne.

Sasa tazama usiku wa tarehe 5 Machi 2008 kuamkia tarehe 6. Watu wa bodi na washauri wao walikutana, wakampigia simu Leifer, naye akakana. Walimwambia kwamba ameondolewa kazini. Saa chache baadaye, kabla hapajapambazuka, alikuwa uwanja wa ndege pamoja na baadhi ya watoto wake, mikononi ana tiketi za kwenda Israeli zilizogharimiwa na shule. Usiku huo watu hao walipiga simu kadhaa, lakini polisi hawakupigiwa hata moja. Mwaka 2015, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na Erlich, jaji Jack Rush wa Mahakama Kuu ya Victoria alizipima saa hizo kwa makini, akaagiza alipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2 za Australia, na ndani yake akaweka fidia ya adhabu juu ya shule yenyewe kwa namna ilivyomwondosha mtuhumiwa.

Sisi katika lugha yetu tunalo neno sitara, na kumsitiri mwenzio ni sifa njema. Bodi ile bila shaka iliona kwamba inatoa sitara. Waliisitiri shule, wakawasitiri wazazi wasione haya, wakamsitiri hata mtuhumiwa. Wasichana ndio walioachwa wazi, kwa maana bila mtuhumiwa kuwapo nchini hapakuwa na kesi, na bila kesi hapakuwa na mtu wa kuwaambia hadharani kwamba hawakuwa na kosa.

Tiketi zile ziligharimu miaka mingi. Taarifa rasmi ilifika polisi mwaka 2011. Leifer alikamatwa Israeli mwaka 2014, lakini mwaka 2016 shauri la kumrejesha Australia lilisimamishwa kwa maelezo kwamba akili yake haikuwa timamu kiasi cha kuhudhuria mahakamani. Wapelelezi binafsi walimrekodi katika makazi ya walowezi yaitwayo Emmanuel akiendelea na maisha yake ya kila siku kama mtu mwingine yeyote, naye akakamatwa tena Februari 2018. Mahakama za huko zilikaa zaidi ya mara 70 kabla hajapandishwa ndege ya kurudi Januari 2021. Katikati ya hayo yote, naibu waziri wa afya wa Israeli, Yaakov Litzman, alichunguzwa kwa kuingilia kazi ya madaktari wa akili waliompima, na mwaka 2022 alikiri kosa la kuvunja uaminifu wa ofisi ya umma, akatozwa faini ya shekeli 3,000 pamoja na kifungo cha nje. Ukilinganisha faini hiyo na miaka ambayo Dassi Erlich na dada zake, Nicole Meyer na Elly Sapper, walisafiri kutoka bara moja hadi jingine wakidai kesi isikilizwe, nadhani huhitaji maelezo yangu.

Nirudi kwenye maneno ya dini, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Maneno mawili hutajwa kila mara. La kwanza ni mesira, yaani katazo la kumkabidhi Myahudi mwenzio kwa utawala wa wageni. La pili ni lashon hara, ulimi mbaya, yaani kumsema mtu kwa ubaya hata kama unalosema ni kweli. Katazo la mesira lina historia ya machozi. Lilikua katika karne ambazo Myahudi aliyechongewa kwa mtawala hakupelekwa mbele ya hakimu mwadilifu. Alinyang'anywa mali, akafungwa bila kusikilizwa, pengine akauawa, na msiba wa mmoja ungeweza kuwa msiba wa mji mzima. Hofu ya namna hiyo haiishi kwa sababu vizazi vimehamia Melbourne. Nawe umeona mwenyewe: Desemba 2024 sinagogi ya Adass huko Ripponlea ilichomwa moto na watu waliovamia kabla ya alfajiri. Mtu akikwambia kwamba jamii ile haina sababu ya kuwaogopa walio nje, usimkubalie.

Ila hofu ni kitu kimoja na sheria ya dini ni kitu kingine. Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 19, aya ya 16. Sehemu ya kwanza ya aya inakataza kwenda huku na huko kama mchongezi. Sehemu ya pili ya aya hiyohiyo inakataza kusimama tu huku damu ya jirani yako inamwagika. Makatazo haya mawili yameandikwa bega kwa bega, na wanazuoni wa Kiyahudi wamelisoma la pili kama amri ya kumwokoa aliye hatarini. Rabi Israel Meir Kagan, aliyeandika katika karne ya 19 kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu ulimi mbaya, aliruhusu kusema pale penye faida ya kuzuia madhara, na akaweka masharti ya namna ya kusema. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, nayo inafundisha kwamba palipo na kunajisiwa kwa Jina la Mungu, heshima ya mwalimu haitazamwi. Kwa hiyo aliyesimama katika sinagogi na kunukuu nusu ya kwanza ya aya ili kumnyamazisha mzazi, aliiacha nusu ya pili mdomoni.

Marabi wenyewe wamelisema hili. Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Yerusalemu, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa kwa Waharedi wa dunia nzima, aliruhusu kupeleka taarifa kwa serikali pale ambapo tuhuma ina msingi. Baraza la Marabi la Marekani limetamka wazi kwamba mwenye tuhuma za msingi ana wajibu wa kidini wa kuziarifu mamlaka za nchi mara moja. Tofauti iliyobaki ni ndogo kwenye karatasi na kubwa sana katika maisha: shirika la Agudath Israel la Marekani lilishikilia mwaka 2011 kwamba mtu amwulize kwanza rabi iwapo tuhuma yake imefikia kiwango cha kuripotiwa. Naheshimu elimu ya marabi, lakini hapa siwezi kukubaliana nao. Rabi anayeulizwa mara nyingi ni rafiki wa mkuu wa shule, au watoto wake wanasoma hapo, au mshahara wake unatoka kwa wafadhili walewale. Hata akiwa mwadilifu kuliko wote, hakufundishwa kumsikiliza mtoto aliyeumizwa bila kuharibu ushahidi.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la mahakama ya marabi, ambayo huitwa beit din. Mahakama hii ni ya kale na ina kazi zake: talaka, mikataba, ugomvi wa biashara, mambo ya kuingia katika dini. Katika kazi hizo wengi huitegemea, na ina busara nyingi. Mashitaka ya kumdhalilisha mtoto ni kazi ya namna nyingine. Beit din haina nguvu ya kumshika mtu asitoroke, haina daktari, haina mpelelezi, haiwezi kufungua kabati la ofisi wala simu ya mtuhumiwa.

Mfano ninaoufikiria zaidi ni wa Marekani. Rabi Baruch Lanner alikuwa kiongozi mwenye mvuto mkubwa katika chama cha vijana cha NCSY, kilicho chini ya Umoja wa Makutano ya Kiorthodoksi, na pia alikuwa mkuu wa shule huko Deal, New Jersey. Malalamiko juu yake yalianza miaka ya 1970. Mwaka 1989 yalifika mbele ya beit din ya marabi watatu, watu wenye elimu na heshima, nao wakasikiliza kisha wakamwacha aendelee kufanya kazi na vijana. Aliendelea kwa miaka 11 zaidi, hadi mwandishi Gary Rosenblatt alipochapisha uchunguzi wake katika gazeti la The Jewish Week mwaka 2000. Tume iliyoongozwa na Richard Joel iliundwa, ikawahoji watu wengi, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaonyesha jinsi viongozi walivyopuuza dalili kwa miaka na miaka. Mwaka 2002 mahakama ya New Jersey ilimtia Lanner hatiani kwa makosa yaliyohusu wanafunzi wa shule aliyokuwa mkuu wake, akahukumiwa miaka 7.

Ninachokipenda katika habari hiyo ya huzuni ni mwenendo wa rabi mmoja. Yosef Blau alikuwa miongoni mwa watatu wale wa mwaka 1989. Angeweza kujificha nyuma ya wenzake wawili. Alikiri hadharani kwamba walikosea, kisha akatumia miaka iliyofuata kuwasemea waathiriwa, hata pale wenzake wa daraja lake walipomwona msumbufu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura ya uwajibikaji wa mwalimu: alilitaja kosa kwa jina, akasema nani alilifanya na liligharimu nini, kisha akatenda tofauti.

Njia nyingine ya kunyamaza, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni uhamisho. Melbourne hapohapo kuna kituo cha Yeshivah, chenye shule yake, cha jamii nyingine ya Kiorthodoksi. Mwaka 1992 wazazi walilalamika kuhusu mwalimu David Kramer. Aliondoka akaenda Israeli kwa msaada wa shule, na polisi hawakuarifiwa. Kutoka huko alifika Marekani, katika jimbo la Missouri, na mwaka 2008 alifungwa kwa kumdhalilisha mtoto wa huko.  Mtoto yule na wazazi wake ndio waliolipa gharama ya kimya kilichotunzwa upande wa pili wa dunia miaka 16 nyuma yao. Kramer alirudishwa Australia, akahukumiwa mwaka 2013 kwa makosa ya zamani, mwaka uleule ambao David Cyprys, aliyekuwa mlinzi wa kituo hicho, alifungwa miaka 8.

Aliyeufungua mlango huo ni Manny Waks, aliyejitokeza kwa jina na uso wake mwaka 2011. Tume ya Kifalme ilipokaa kusikiliza habari za Yeshivah mwezi Februari 2015, ilielezwa jinsi wazazi wake walivyotengwa katika jamii waliyosali nayo kwa miaka mingi, na jinsi mahubiri yalivyotolewa dhidi ya wanaosema bila idhini ya rabi. Hapa ndipo penye kufuli lenyewe. Katika jamii ambamo ndoa hupangwa kwa kuulizia sifa za ukoo, binti ambaye dada yake ametajwa kwenye gazeti anaweza kukosa mchumba. Mzazi anayenyamaza mara nyingine hamlindi mwalimu hata kidogo. Anahesabu watoto wake wengine watano na kuwaza nani atawaoa.

Tume, katika mapendekezo yake ya mwisho, ilitaka taasisi zote za Kiyahudi za Australia ziandike wazi katika taratibu zao kwamba mesira na lashon hara hayahusiki kabisa na kuripoti udhalilishaji wa watoto kwa polisi na mamlaka nyingine za nchi. Ni sentensi fupi, lakini ina kazi kubwa, kwa sababu inamwondolea mzazi mzigo wa kuamua peke yake kama anatenda dhambi.

Sheria ya Victoria nayo imebadilika tangu usiku ule wa 2008. Tangu Oktoba 2014, mtu mzima yeyote mwenye sababu za kuamini kwamba mtu mzima amemtendea kosa la kingono mtoto wa chini ya miaka 16 anapaswa kuwaarifu polisi, na kunyamaza bila sababu ya msingi ni kosa la jinai. Tangu Julai 2015, kiongozi wa taasisi anayejua hatari na mwenye uwezo wa kuiondoa, akazembea, anaweza kufungwa. Tangu 2017 wakuu wa taasisi, shule zikiwamo, wanatakiwa kuiarifu mamlaka husika ya jimbo ndani ya siku 3 za kazi wanapopata tuhuma dhidi ya mfanyakazi wao. Na tangu 2020 viongozi wa dini wamo katika orodha ya wanaolazimika kuripoti. Bodi ya leo ikinunua tiketi kama zile, itakayoulizwa si shule peke yake. Wanabodi wenyewe wanaweza kusimamishwa kizimbani.

Huenda unajiuliza kuhusu anayesingiziwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kesi yenyewe. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta Leifer na hatia katika mashitaka 18 kati ya 27. Mashitaka yaliyomhusu Nicole Meyer hayakuthibitishwa, na yale yaliyothibitishwa yaliwahusu dada zake wawili. Wanawake watatu wa tumbo moja walisimama na ushahidi, na kila shitaka likapimwa peke yake kwa kipimo kigumu. Uliumiza, lakini huo ndio upimaji ambao mtuhumiwa anastahili na ambao kikao cha usiku hakiwezi kuutoa. Agosti 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, akitakiwa kutumikia angalau miaka 11 na nusu kabla ya kufikiriwa kuachiliwa. Kuripoti hakumaanishi kuhukumu. Kunampeleka kila mmoja, mlalamikaji na mlalamikiwa, mahali ambapo ukweli una nafasi ya kupatikana.

Kuhusu wewe mwenyewe, dada yangu, uwapo kazini. Ukisikia neno kutoka kwa mtoto au kutoka kwa mtu mzima anayekusimulia ya utotoni, msikilize hadi amalize, usimhoji kama mpelelezi, na usimwahidi kwamba utalifanya siri. Ukitoka hapo, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, bila kuyapamba. Usimwendee mtuhumiwa, wala ndugu zake, wala bodi ya shule kuwauliza kama ni kweli, kwa maana simu ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia safari ya uwanja wa ndege. Waarifu polisi wa Victoria. Kama mtoto yuko hatarini wakati huohuo, piga 000. Mwajiri wako mwarifu pia, lakini kumwarifu yeye hakukuondolei wajibu wa kuwaarifu polisi. Na kama unahofia kwamba Kiingereza chako hakitatosha kueleza jambo zito kama hilo, piga kwanza 131 450, huduma ya wakalimani ya serikali, uombe mkalimani wa Kiswahili, naye atakuunganisha na polisi na kubaki kwenye simu pamoja nawe hadi umalize.